Nilivyomlisha Swala wa Jirani

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana vibaya, na mtaa mzima umeona, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mnajua hali ya huku Dallas wiki hii. Mvua imenyesha ikaganda palepale ilipoangukia. Miti, magari, ngazi, kila kitu kama kimepakwa glasi. Ndege haziruki, na sisi tunaopakia vyakula vya abiria tumeambiwa tubaki nyumbani. Nimebaki. Peke yangu, hapa Euless, mimi na hita na sufuria ya makande. Nimekaa ndani mpaka nikaanza kuisalimia friji.

Nyuma ya jengo letu kuna uzio wa mbao, halafu nyumba moja ya mzee na mkewe, halafu kijito na kichaka. Kichakani kuna swala. Siku za kawaida wanakuchungulia kwa mbali na kuondoka. Sasa majani yote yako chini ya barafu. Jana mama mmoja aliandika kwenye kundi la mtaa: swala wana njaa, mwenye majani mabichi aweke kidogo karibu na kijito, ila mahindi yasizidi, yatawavimbisha tumbo.

Kusoma hivyo tu, moyo ukanirukaruka. Mimi mtoto wa Singida! Nimekua nikitembea nyuma ya mbuzi! Hatimaye Marekani wananihitaji kwa kitu ninachokijua.

Asubuhi nikampigia mama. Kwao ilikuwa jioni, mbuzi ndio wanaingia zizini.

"Mama, nigeuzie simu niwaone."

Akageuza. Vumbi, pembe, makelele. Kitoto kimoja cheupe kikaja kunusa simu.

"Huyo ni mjukuu wa Sikitu, yule mbuzi wako," mama akasema.

"Na Sikitu mwenyewe?"

"Alishakufa, mwanangu. Si nilikwambia?"

Labda aliniambia nikiwa kazini, nikaitikia tu.

"Na wewe unakuja lini, Neema?"

"Karatasi za ukaazi zikitoka, mama."

"Haya."

Mtandao ukakatika. Nikabaki nimeshika simu kama mtu aliyefungiwa nje.

Nikaenda dirishani, na hapo ndipo nikamwona. Swala mkubwa, uani kwa yule mzee, amesimama peke yake na barafu mgongoni. Hatikisiki. Nikanywa chai kikombe kizima, hatikisiki. Nikasema, Mungu wangu, huyu anakufia hapo hapo amesimama!

Nikajaza beseni: kabichi, karoti, sukuma wiki yangu yote (ya wiki nzima, na maduka yamefungwa), na mahindi kiganja kimoja tu, maana mimi si mgeni wa matumbo ya wanyama. Nikavaa soksi juu ya viatu nisiteleze. Nikajifunga kitenge juu ya koti. Blanketi begani. Nikapenya pale ubao wa uzio ulipovunjika.

Soksi hazikusaidia. Nilishuka ule mteremko kwa makalio, beseni nimeliinua juu kwa mikono miwili kama mwali anayepeleka zawadi, nikasimama karibu kabisa na miguu ya swala. Hakukimbia. Nikasema, mnaona? Hana hata nguvu ya kukimbia.

Nikamsogezea beseni, nikarudi nyuma nimpe nafasi. Hali. Nikambembeleza kwa Kiswahili. Hali. Basi nikahamia Kinyaturu, kile cha kuongea na mbuzi mgonjwa.

Sasa, ukianza kuongea Kinyaturu baada ya muda mrefu, huwezi kukizuia. Nikamwambia kula, usife ugenini. Nikamwambia habari za Sikitu. Nikamwambia nimechoka kumdanganya mama kuhusu karatasi, kwamba hata sijui kama zitatoka, kwamba naogopa nitakwenda nikute zizi tu. Nikalia. (Kamasi zinaganda, mjue.) Mwisho nikasogea nimfunike blanketi.

Sauti ikatoka ukutani. Nzito, ya taratibu.

"Dada. Samahani."

Nikapiga magoti. Naapa nilidhani ni Mungu, na nikashangaa kwamba naye anaongea kama watu wa Texas.

"Dada, huyo ni wa plastiki. Namtumia kujifunzia mishale."

Nikagusa shingo. Ko, ko. Nikazunguka upande wa pili. Matundu tupu!

Kumbe sauti ilikuwa ya kamera ya mlangoni. Mlango ukafunguka, mzee akatoka na kandambili, mkewe nyuma yake anafuta macho.

"Mmeniona tangu lini?" nikauliza.

"Tangu uteleze," mzee akasema.

"Sasa mbona hamkusema!"

"Ulikuwa unalia," mkewe akajibu. "Nikamwambia asikukatize. Ulikuwa unamwambia nini?"

Nikajaribu kueleza kwa Kiingereza. Yale yote yakawa sentensi moja fupi: namkumbuka mbuzi wangu. Yule mama akanishika mkono akaniingiza jikoni kwake, akanipa kahawa, hakuuliza tena. Mzee akajikuna kichwa. Video alikuwa ameshaituma kwenye kundi la mtaa.

Tukiwa hapo, swala wa kweli wakatoka kichakani, mama na watoto wake, wakala sukuma wiki yote. Yule wa plastiki hawakumwangalia hata mara moja. Wana akili kuliko mimi.

Niliporudi kwangu nikaomba huruma. Nikamtumia ile video Upendo, binti wa mama mdogo, yuko Stafford kule Houston. Nikamsihi isitoke kwake. Upendo akaitupa kwenye kundi la ukoo!

Simu ikalia. Mama. Huko kwao wenzake wanapaswa kuwa wamelala.

"Nimekuona," akasema. "Na nimekusikia."

Nikakosa pa kuficha uso. Yote niliyomwambia plastiki, mama ameyasikia, na kwa lugha yake.

"Mama, ilikuwa baridi tu..."

"Neema. Kumbe nawe unalia? Mimi nilidhani huko mmezoea." Akavuta pumzi. "Karatasi zisipotoka, niambie hazijatoka. Nitakungoja hivyo hivyo."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, na mimi nikacheka, nikalia, nikacheka.

"Ila Kinyaturu chako," akasema, "bado kizuri."

Sasa nawaombeni msinicheke. Au chekeni tu, ila iwe kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nimeshachekwa vya kutosha.