Mtaalamu wa Njaa ya Saa Nne

Siku mlinzi wa ofisi ya vibali alipobandika tangazo getini, Kinanda alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya meza ya dada yake, anatafuna karanga ambazo hakuzilipia. Tangazo lilisema kuanzia Jumatatu ni marufuku mfanyakazi yeyote kula kati ya mlo na mlo. Mkurugenzi alikuwa ametoka semina ya afya. Semina yenyewe, kama semina zote za wakubwa, ilikuwa na chai ya asubuhi, chai ya mchana na chai ya kuagana, lakini aliyetakiwa kufunga mkanda baada ya hapo ni karani.

Dada mtu alisoma, akaangalia meza yake: biskuti, karanga, vipande vya keki. Wateja wake wote walikuwa ndani ya geti hilo.

"Mdogo wangu," alisema, "unakula kwangu tangu ile kazi yako ya kuuza viwanja vya watu ikushinde. Meza hii ikifa, sahani yako inakufa nayo."

"Dada, mimi hapo naona mlango."

"Mimi naona geti. Na wewe uko nje yake."

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti. Akikusalimia tu, unajikuta unatafuta pochi. Alivaa koti la marehemu shemeji yake, akaingia kwa Mkurugenzi kama mtaalamu wa kuzoea njaa.

"Mheshimiwa, ukiwakataza kununua umeharibu," alisema. "Asiyenunua hana cha kukiacha. Anunue, aweke mezani, akitazame mpaka saa nne, kisha anikabidhi mimi. Hapo ndipo tumbo linashika adabu."

Mkurugenzi alifikiri kwa muda mrefu, maana hakuwa na mazoea ya kufikiri. "Na hivyo vilivyokabidhiwa?"

"Vinateketezwa kitaalamu. Baadhi utaletewa uvikague."

"Keki nitakagua mwenyewe," alisema Mkurugenzi, akasaini.

Kazi ikaanza. Asubuhi wafanyakazi walinunua kwa dada. Saa nne Kinanda alipita na boksi, akakusanya. Jioni boksi lilitokea mlango wa nyuma, na kesho yake vitu vilevile vilikuwa mezani kwa dada, vimefutwa vumbi. Kati ya saa nne na jioni Kinanda naye alikagua, kidogo kidogo, bila kupumzika.

Kwa kuwa mtaalamu hawezi kukusanya biskuti akiwa bubu, aliwapa na somo.

"Njaa ya saa nne ni mgeni asiyealikwa. Akibisha hodi, mpe maji, mwambie wenyeji hawapo. Akiona hafunguliwi, ataondoka."

Maneno hayo aliyatunga akiwa anapanda ngazi.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Mhasibu alitafuna kifuniko cha kalamu. Mpiga chapa alimfokea mtu aliyeingia kusalimia tu. Watu walikunywa maji mpaka foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya vibali, ingawa yenyewe ilikuwa inasogea.

Kisha likatokea jambo ambalo Kinanda hakulipanga: uongo wake ulifanya kazi. Saa nne ikaanza kupita kimya. Matumbo yakatulia.

Mpiga chapa alimletea pakiti ya biskuti iliyochakaa pembe. "Mtaalamu, pakiti hii naijua. Hapa niliitoboa kwa ukucha wiki iliyopita. Nimeinunua mara nyingi mpaka imekuwa ndugu."

Kinanda aliipokea. "Ulikuwa mtihani, binti. Nilikuwa nangoja nione nani atagundua."

"Basi nimefaulu. Kaa nayo. Mimi sinunui tena, hamu yenyewe sina."

Nyuma yake mhasibu aliitikia kwa kichwa, na chumba kizima kikaitikia.

Kwa kuwa hapakuwa tena na cha kukusanya, Mkurugenzi alimpa Kinanda cheti na kumwonyesha mlango. Yeye mwenyewe alialikwa semina nyingine, akaeleze jinsi anavyowafundisha watu wake kuvumilia. Alibeba keki za njiani.

Kinanda alirudi kwa dada akiwa tayari kufukuzwa. Akakuta biskuti hazipo. Palikuwa na majiko mawili, na sufuria kubwa juu ya kila jiko.

"Watu wasiotafuna asubuhi," dada alisema, "ikifika saa saba wanakula mpaka sahani inang'aa. Kumbe nilikuwa napoteza muda na karanga."

"Kwa hiyo nimekuokoa."

"Umeniokoa. Ndiyo maana sahani yako ipo. Ya saa saba. Na vyombo utaosha wewe."

Ilikuwa saa nne. Katika ofisi nzima, tumbo pekee ambalo halikuhudhuria somo ni la mwalimu. Lilinguruma. Kinanda akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha sufuria, na dada akaugonga kwa mwiko bila kugeuka.

"Mgeni huyo. Mpe maji."

"Dada, maneno yale niliyatunga kwenye ngazi."

"Yanafaa. Kunywa."

Akanywa. Akajaziwa kikombe, akanywa tena. Mgeni alibaki palepale mlangoni, na kwa jinsi alivyotulia, ilionekana alikuja na begi.