Umri wa Karo la Mawe

Mimi tapeli hanipati. Namjua kwa mwendo, namjua kwa kikohozi, namjua hata akiwa amelala. Ni kweli niliwahi kununua saa isiyo na mashine ndani, na godoro lililojazwa majani makavu, na dawa ya kuotesha meno, lakini hizo ni mara tatu tu, tena meno yenyewe hayakuwa yangu, yalikuwa ya shangazi. Kwa hiyo nikisema Kalamu Nne alikuwa bingwa, mniamini. Nasema kama mteja mzoefu.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya mfuko wa shati lake. Kalamu nne zilisimama humo wima kama askari kwenye gwaride, na moja tu ndiyo ilikuwa na wino. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ardhi akiwajazia watu fomu. Alizijaza vizuri, hilo tusimnyime. Ila mwenye fomu alipoondoka, aghalabu alikuwa amepungukiwa kitu: mwavuli, kuku, mara moja hata kiwanja. Yeye mwenyewe aliishi ukweni, chumba cha uani, na mama mkwe wake alimpimia sukari ya chai kwa ncha ya kijiko. Ndoto yake kubwa duniani ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, mahali ambapo angekoroga sukari bila kusindikizwa na macho ya mtu.

Asubuhi moja akaja kukaa karibu naye Bwana Matofali. Huyu alifyatua matofali na kuyauza, mtu mnene wa mwili na mwembamba sana wa kutoa. Mkononi alikuwa na rasimu ya mkataba, anaisoma huku anahema kana kwamba kila mstari ni ngazi. Kalamu Nne, ambaye masikio yake hayakuwahi kwenda likizo, akamuuliza kwa upole ni kifungu gani kinamuuma.

Kilikuwa cha tisa. Bwana Matofali alitaka kukodi nusu ya uwanja wa Mama Dobi kwa miaka thelathini, apange matofali yake humo. Mama Dobi alikuwa mjane, mfua nguo wa mtaa mzima. Tangu watu waanze kununua mashine za kufulia, nguo zilikuwa zimepungua, na yeye alikuwa radhi kuukodisha upande mmoja. Lakini pale pale penye lango, ambapo malori yangeingilia, palikuwa na karo la mawe la kufulia. Na kifungu cha tisa kilisema kwamba kama katika ardhi inayokodishwa kuna kitu kilichojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita, mpangaji hatakivunja, hatakihamisha, wala hatapitisha gari karibu nacho ndani ya hatua kumi. Umri wake uthibitishwe na mkaguzi wa mambo ya kale kabla watu hawajatia sahihi.

"Jiwe la kufulia chupi," Bwana Matofali akalalamika, "linanizuilia lori la tani kumi."

Kalamu Nne akauliza karo lenyewe lina miaka mingapi. Bwana Matofali akasema hajui, na hakuna anayejua. Basi moyo wa Kalamu Nne ukaanza kucheza ngoma peke yake. Kitu kisichojulikana umri, na tajiri mwenye haraka ya kuujua. Mungu akupe nini tena? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamnong'oneza Bwana Matofali kwamba mkaguzi anayemtafuta ndiye anayeongea naye. Benchi lile ni geresha tu. Serikali imemweka pale kwa siri awachunguze watu. Bwana Matofali aliyaamini hayo kwa sababu yalimfaa, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Wakapatana: matofali ya vyumba viwili, yatolewe siku ya kutia sahihi, na karo liwe la juzi juzi.

Yako mapatano duniani yamefungwa mbele ya bendera na wapiga picha. Haya yalifungwa kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, na wahusika walielewana kuliko mabalozi wengi.

Kesho yake mkaguzi wetu wa siri akabisha hodi kwa Mama Dobi, kavaa shati la kaki, futi ya kupimia kiunoni, na kioo cha kukuzia ambacho kilikuwa cha mama mkwe, cha kusomea maandishi ya pakiti za dawa. Mama Dobi alikuwa anasuuza mashuka. Alilitazama shati kabla ya uso, ndivyo madobi walivyo. Na mgeni alipoinama kulichungulia karo, kola ikaachama nyuma, ndani ikaonekana mishono miwili ya uzi mwekundu. Mishono hiyo Mama Dobi aliitia kwa mkono wake. Shati lilikuwa la msoma mita za maji, na Jumatatu lilikuwa limeondoka kwenye kamba bila kuaga.

Alimpangusia kigoda, akamwita mheshimiwa. Mkimsikia mjane wa umri ule anamwita mtu mheshimiwa hata kabla hajakaa, mjue mtu huyo kesha kwisha.

Sasa, karo lenyewe. Lilichongwa katika jiwe moja jeusi, mabeseni matatu, na ukingo wake ulikuwa umelika kwa viwiko vya wanawake hadi ukafanya vibonde. Juu ya ukingo zilichorwa alama: samaki, ngazi, jicho, mistari mitatu ya mlalo, nyingine nyingi. Kila alama ilikuwa ya nyumba moja. Zamani madobi hawakujua kuandika, kwa hiyo nguo za kila nyumba ziliwekwa mbele ya alama yake zisichanganyike. Mama Dobi alifundishwa kuzisoma na mama mkwe wake, naye alifundishwa na wake, na mishono ya kwenye kola ilikuwa ni alama hizo hizo zimehamia kwenye uzi. Pale ndipo yeye na wenzake wawili walipopatia chakula. Likivunjwa, kazi ingekwisha, na zile alama zingekuwa kifusi chini ya matairi. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Matofali yenyewe hakuwa na ugomvi nayo.

Kalamu Nne akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaonja vumbi.

"Miaka kumi na tano," akatangaza.

"Mimi nimeolewa hapa mwaka wa arobaini na mbili huu, mheshimiwa. Nililikuta."

"Mawe ni waongo sana, mama."

Mama Dobi akakubali kwamba ni kweli, mawe ya siku hizi hayaaminiki. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akauliza kama umri wa jiwe unaweza kusogea kidogo kwa mwenye moyo wa shukrani. Macho ya Kalamu Nne yalikuwa yamekwishafika ukutani, kwenye baiskeli ya marehemu, kengele inang'aa. Akapima upya. Safari hii jiwe likawa na miaka themanini. Akaisifu baiskeli, likawa na mia na kumi. Mama Dobi akataja kwamba na pampu ipo. Mia na sitini.

"Ningekuwa na gari," Mama Dobi alisimulia baadaye, "karo langu lingekuwa la tangu gharika."

Baiskeli, hata hivyo, angeitoa siku ya kutia sahihi, kwa kuwa ufunguo wa mnyororo alikuwa nao dada yake aliyesafiri. Dada huyo hakuwahi kuzaliwa.

Kalamu Nne akaenda kuandika vyeti viwili, kila kimoja na umri wake, akavigonga mhuri alioukata kwenye kisigino cha kandambili. Nia yake ilikuwa avigawe, apokee mali, apande baiskeli apotee kabla vyeti havijaonana. Kasoro moja tu: mwenye matofali na mwenye baiskeli, kila mmoja kwa wakati wake, alimwambia kwamba mali ataipata sahihi zikishakauka, na yeye awepo chumbani.

Mama Dobi naye alikuwa na safari yake. Alichukua nguo zilizopigwa pasi akampelekea karani wa dirisha la tatu, mama mmoja mpole aliyeuza fomu pale ofisi ya ardhi. Kalamu Nne alinunua fomu kwa mama huyo kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakujua jambo moja. Ofisi ile ilikuwa na watu wachache, hivyo karani wa dirisha la tatu ndiye huyo huyo mkaguzi wa mambo ya kale. Alisomea. Mhuri wake ulilala kwenye droo kwa kukosa wateja. Mama Dobi alijua kwa sababu alifua koti lake, na koti la muuza fomu halipati tope la kwenye mashimo ya kuchimbulia vitu vya kale.

Karani akaja uwanjani, akashinda hapo. Alinakili alama zote kwa penseli, akapima vibonde vya viwiko, akafungua ramani ya zamani ya ofisi, na karo lilikuwa limechorwa humo: miaka mia na thelathini na ushee. Akaandika ripoti yake. Lakini akamwonya Mama Dobi kwamba mpangaji ana haki ya kuweka pingamizi. Akiweka, faili litakwenda mahakamani, na likiwa huko, lori laweza kurudi nyuma vibaya siku moja likalivunja karo kwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina kifungu. Dawa ni mpangaji akose mdomo wa kupinga. Hapo Mama Dobi akamhadithia habari za mheshimiwa. Wakanywa chai, wakacheka.

Siku ikafika. Chumba kidogo, meza moja, viti vinne. Kalamu Nne alipoona anayesimamia sahihi ni yule mama wa fomu, akapumua. Huyo hakumtisha.

Bwana Matofali akatoa cheti cha miaka kumi na tano. Mama Dobi akatoa cha mia na sitini. Karani akavilaza pamoja mezani: mwandiko mmoja, wino mmoja, kisigino kimoja. Akauliza kwa utulivu karo lina umri gani hasa.

Kipaji ni kipaji. Kalamu Nne hakupepesa.

"Yote mawili ni sawa, dada. Jiwe huota. Chini ni mzizi, huko ni kale. Juu ni chipukizi."

"Kwa hiyo chini ni kale?"

"Chini, ndiyo."

"Basi kifungu cha tisa kinalilinda lote," karani akasema, akaandika.

Bwana Matofali akasimama, uso umeiva. "Lakini huyu bwana aliniambia..."

"Alikwambia nini, baba?"

Bwana Matofali akayafikiria matofali ya vyumba viwili, akafikiria jinsi yatakavyosikika yakitajwa mbele ya afisa.

"Alinisalimia," akasema, akakaa.

Karani akamuuliza kama ana pingamizi lolote. Akasema hana. Lango la malori likaandikwa upande wa nyuma, hatua hamsini kutoka kwenye karo, na Bwana Matofali akatia sahihi kwa mkono wa mtu anayemeza dawa chungu. Mama Dobi akatia yake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayetia mishono.

Kalamu Nne akahesabu kwamba matofali yamekwenda na maji, ila baiskeli ingali hai. Akainuka. Karani akamzuia kwa swali dogo.

"Kaka, nimekuuzia fomu miaka yote hii. Kumbe wewe ni mkaguzi?"

"Kazi za siri, dada. Hata wewe hukutakiwa kujua."

"Aliyekupa kazi hiyo nani?"

"Mkaguzi mkuu wa hapa hapa," akasema, na kwa kuwa aliona inapokelewa vizuri, akaongeza chumvi. "Mimi na yeye ni kama ndugu. Jana tu tumekula sahani moja. Mzee mmoja hivi, mkali, ndevu nyeupe mpaka kifuani."

Karani akafungua droo, akatoa mhuri wa mkaguzi wa mambo ya kale, akaupulizia, akaugonga kwenye kifungu cha tisa. Kisha akajipapasa kidevu.

"Leo nimenyoa," akasema.