Kibofu Changu Kichanjani

Jumatatu, 10 Juni 2024
Leo nimepigwa picha ya kibofu. Aibu gani hii! Binti Fortunata wa eksirei, umri wa mjukuu wangu, kaniingiza mpira wa mkojo, kanijaza dawa ya kung'aa pichani. Kisha akasema, babu, kojoa mbele ya mashine tuone mkojo unakwama wapi. Zamani nilifukuzwa kwa kukojoa ovyo, leo naombwa! Yakatoka matone. Njia imebana. Ijumaa nimpelekee daktari picha. Bila picha hakuna upasuaji.

Jumanne, 11 Juni
Nimeitazama picha mlangoni. Nyonga ina matundu mawili, macho kabisa. Juu yake kibofu cheupe, kichwa kisicho na uso. Mke wangu Enesi kasema ikae kabatini. Nikakumbuka kahawa yangu ninayoianika kichanjani. Jirani Anyelwisye huichota kila nikiingia chooni, na siku hizi nahamia huko. Nimeitundika picha kwenye kichanja, taa ya sola nyuma. Njoo sasa, mwizi!

Jumatano, 12 Juni
Ushindi! Kahawa haijaguswa. Watoto wa shule wamezungukia makaburini wasipite kwangu. Ila picha niliielekeza barabarani, asubuhi inatazama nyumba. Upepo, nikasema. Enesi kauliza ni upepo gani unaofungua fundo na kulifunga tena. Nimeigeuza. Mkojo ukagoma hadi jioni.

Alhamisi, 13 Juni
Picha haipo! Kamba ipo, fundo limefungwa vilevile. Jioni, ukungu umeshuka, naona weupe dirishani kwa Anyelwisye. Kibofu changu! Nikashika fimbo. Enesi akaniita, baba, utagombana na nani? Anyelwisye yuko Itumba msibani tangu Jumapili, nyumba ina kufuli. Nikaenda hivyohivyo. Nikachungulia. Ndani giza, na kibofu kinang'aa peke yake. Tena kinapungua. Taratibu, kama cha mtu anayejisaidia. Nami nikajikojolea. Mkondo mzima! Haijatokea tangu Pasaka. Nimepona!

Ijumaa, 14 Juni
Nimemwambia daktari sihitaji kisu. Kacheka, kauliza picha iko wapi. Kabla sijajibu, mkojo ukanibana, tone halitoki. Wamenivalisha mpira na mfuko. Upasuaji umeahirishwa, picha irudiwe. Enesi kaniapisha mbele ya Fortunata kwamba picha mpya itakwenda moja kwa moja kwa daktari. Nimeapa. Alipotoka nje, nikamnong'oneza binti anitolee mbili. Mahindi nayo yanaibwa.