Maana Mia Moja na Kumi na Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Leo Fundi Mkuu kasimamisha kazi katikati ya mchana. Jambo hilo halijatokea tangu umeme ulipomrusha mteja. Katuita wanagenzi wote, yaani mimi na Kimya. Kampuni ya cherehani za viwandani inamtuma mkufunzi Jumamosi. Atamchagua mmoja wetu aende mafunzoni miezi mitatu, kula na kulala juu yao. Akirudi ni fundi kamili, ana meza yake, ana bisibisi zake.

Na yule mwingine? Fundi alitazama dari. Kasema kazi imepungua, karakana haiwezi kuwabeba wawili, huyo mwingine itabidi ajitafutie kwingine. Baada ya hapo akarudi kwenye mashine yake kama mtu aliyetangaza hali ya hewa.

Muuza vifungo wa duka la pili anasema mafunzo yote ni kwa Kiingereza. Nimefurahi. Mimi nimefika kidato cha pili, na ningeendelea kama shule isingenichoka. Kimya hata Kiswahili anakitumia kwa kubana. Akisema maneno manne kwa siku tunamuuliza kama anaumwa.

Nimefika nyumbani nikamwambia mama nimechaguliwa. Si uongo, nimeutanguliza ukweli kwa siku tano tu. Tatizo alikuwa anaanika nguo, na mama akianika nguo nyumba sita zinamsikia. Kufika jioni shangazi keshapigiwa simu. Anakuja Jumapili kuniaga, analeta na sanduku jipya la magurudumu.

Kwa hiyo sasa sina njia. Lazima nichaguliwe.

Jumanne, 7 Mei

Kimya kaanza kujifunza Kiingereza. Maneno kumi kwa siku. Anayaandika nyuma ya pakiti za vifungo na kuzipanga mfukoni. Nilichungulia: uzi, mafuta, sindano, kaza, legeza. Mtu na ndevu zake anajifunza kusema legeza. Nilimwambia kwa mwendo huo atafika mafunzoni wenzake wakiwa na wajukuu. Akacheka kidogo, akaendelea kuandika.

Mimi sichoti mchanga kwa kijiko. Nimekwenda kwa mjomba, kaka yake mama, karani wa mahakama aliyestaafu, anakaa chumba chetu cha mbele. Ana kamusi nene kama tofali. Anaisoma ukurasa mmoja kila asubuhi baada ya chai, kama dawa. Nimeifungua nitafute neno lililonenepa kuliko yote.

Nimelipata. Ni "set". Herufi tatu tu, lakini limejaza karatasi mbele na nyuma. Jua likizama, ndilo hilo. Saruji ikiganda, hilo. Ukipanga meza, ukitega mtego, ukiunga mfupa, ukirekebisha saa, ukiwa na vikombe sita vinavyofanana, lile lile. Nimehesabu maana mia moja na kumi na tisa.

Sasa piga hesabu. Kufika Jumamosi Kimya atakuwa na maneno hamsini, kila moja na maana yake moja. Jumla hamsini. Mimi neno moja, maana mia moja na kumi na tisa. Nimemzidi mara mbili na chenji, na sijatoka jasho. Nashangaa watu wasomao miaka kumi na minane wanatafuta nini.

Jioni Kimya kaniomba tubaki tufungue ile cherehani inayoruka mishono, tuifanyie mazoezi. Nimemwambia wiki hii mikono yangu ni ya msomi.

Jumatano, 8 Mei

Siku mbaya. Mwashi alikuja kuziba shimo mlangoni pa karakana. Nikaona nafasi. Nikamtangazia Fundi Mkuu kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba saruji imeshaganda. Fundi akaniamini. Kiatu kilizama mpaka kwenye kamba. Mwashi kaniuliza nani kaniambia imeganda. Nimemjibu kuwa mimi nilikuwa nathibitisha neno, saruji ni kazi yake. Nimetwanga na kusawazisha upya saruji ya mlangoni mpaka saa tisa.

Hata hivyo nimefunga bao moja. Kimya kaishiwa maneno, kaniomba nimtolee mengine kwenye kamusi ya mjomba. Nimemtolea ishirini. Kumi na mbili ni majina ya konokono wa baharini. Manane ni sehemu za deraya za askari wa zamani. Kayapokea kwa mikono miwili. "Ahsante sana, kaka," kasema. Maneno matatu kwa mpigo. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kunywa maji glasi moja.

Mjomba naye ananipa kamusi nusu saa tu, tena mpaka ninawe mikono. Nusu saa haitoshi kwa msomi wa ngazi yangu. Alipokwenda kunyolewa nimeichana ile karatasi. Moja tu. Nimeikunja mara nane, nimeitia mfukoni mwa ovaroli. Yeye yuko herufi ya M. Akifika S mimi nitakuwa fundi kamili, nitamnunulia kamusi tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekamatwa kabla ya chai kupoa.

Kumbe vitabu vya zamani vimeshonwa. Karatasi moja ni mkono wa kushoto, mwenzake ni mkono wa kulia, uzi unapita katikati. Ukiichana moja, mwenzake anabaki hana wa kumshika. Mjomba kafungua kamusi, karatasi ya pili ikatoka yenyewe, ikatua kwenye kikombe. Mimi, mtu wa cherehani, nimeumbuliwa na mshono.

Nimeitoa ile ya kwanza mfukoni. Imelowa mafuta ya mashine, inasomeka ukiishika dirishani tu. Mjomba hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alivaa miwani, akatoa hukumu: nitainakili karatasi nzima, mbele na nyuma, kwa kalamu, herufi ndogo kama zilivyo, bila kufuta. Nikikosea naanza upya. Nimalize kabla ya Jumamosi.

Nikamkumbusha kwamba mtu niliyechaguliwa kwenda mafunzoni nina maandalizi mengi. Akaniangalia juu ya miwani. Akasema ndiyo, na yeye angependa kwenda kumpongeza Fundi Mkuu ana kwa ana, pengine leo leo, isipokuwa kama atakuwa ameketi nyumbani anasimamia mtu anayenakili.

Nimeomba kalamu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemtumia Fundi Mkuu ujumbe kuwa bado naumwa. Kajibu nipumzike, Kimya ataziandaa mashine za kesho peke yake. Hakuandika pole.

Nimenakili tangu jana mchana. Nimeanza upya mara tano. Mara ya tatu nilikuwa nimebakiza mistari sita, inzi akatua kwenye wino na kutembea. Mjomba kasema mahakamani hakuna utetezi wa inzi. Vidole vitatu vimevimba. Kidole gumba kinacheza chenyewe nikiwa nimekaa kimya. Mama ananionea huruma, anaamini wanagenzi waliochaguliwa wanapewa kazi ya kuandika. Kanipaka mafuta ya moto, kanibusu kwenye paji la uso. Kaniambia hajawahi kuniona nimekaa na kitabu siku mbili mfululizo, na kwamba baba yangu angekuwepo angeona. Nikainama nikaendelea kuandika.

Saa kumi na moja nimemkabidhi mjomba. Kasoma pande zote mbili. Kakuta nukta moja imekosekana, kanisamehe, kabandika.

Faida ipo. Maana zote mia moja na kumi na tisa zimepita mkononi mwangu, nyingine mara sita. Kichwani zimebaki tisa. Nikiandika, ubongo hulala. Lakini tisa zinatosha kumtisha mtu.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike upesi kabla sijabadili mawazo.

Mkufunzi kaja saa tatu. Mwanamke wa makamo, viatu vya bapa, begi la vifaa begani. Kamsalimia Fundi Mkuu, kamwita kaka, kauliza habari za nyumbani. Kwa Kiswahili. Kiswahili kitamu, cha mtu aliyekulia nacho. Nikamtazama muuza vifungo, aliyekuja kushuhudia. Akatazama vifungo vyake.

Nikasema nisingoje. Nikasimama mbele yake, nikamtangazia kwa Kiingereza kwamba ninalijua neno moja kwa maana mia moja na kumi na tisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akauliza kwa Kiswahili neno hilo ndilo litakaloingiza uzi kwenye sindano, au nitatumia mikono. Mwashi, ambaye hata hakualikwa, alicheka mpaka akakaa chini.

Mtihani: cherehani mbili, zote zinaruka mishono. Dakika ishirini, hakuna kusema.

Hakuna kusema. Wiki nzima nimejiandaa kusema.

Bisibisi haikukaa mkononi. Vidole vilikataa kukunja, na vilipokunja vilikataa kukunjuka. Nimeiangusha mara nne, mara ya mwisho ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha mkufunzi. Kanirudishia. Sindano niliipachika ule upande bapa ukitazama nje. Hilo ni kosa la siku ya kwanza kazini, Fundi alinifundisha kwa kunifinya sikio. Nilikanyaga, mashine ikakohoa mara mbili, ikavunja sindano na kunyamaza.

Kimya alimaliza dakika ya tisa. Mshono umenyooka kama mstari wa daftari.

Mkufunzi kamuuliza kama amejiandaa na kitu kingine. Kimya katoa pakiti zake za vifungo. Kasema amejifunza maneno ya Kiingereza, na ishirini magumu kapewa na mimi. Akayasoma, konokono wote kumi na wawili, kwa mpangilio. Mkufunzi akaniangalia kwa muda mrefu. Halafu akamwambia Kimya kwamba mafunzo ni ya Kiswahili, vitabu ni vya picha, ila mtu aliyeweza kuwabeba hao konokono kichwani hatashindwa na picha.

Kachaguliwa. Kaniinulia mkono kunishukuru, mbele za watu. Hajui. Mpaka naandika haya hajui, na hilo linaniuma zaidi ya vidole.

Nimerudi nyumbani. Mama kaniuliza mkufunzi kasemaje. Nimesema kanishangaa sana.

Jumapili, 12 Mei

Wageni walifika kumi na saba. Nimewahesabu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Shangazi kaliburuta sanduku tangu kituoni, jekundu, magurudumu manne, karatasi ya dukani bado ipo. Kanikumbatia, kaniambia nisije nikajisahau huko nikawa mtu wa kujiona. Majirani wameleta sabuni, taulo, soksi jozi tano.

Nilipanga nimwambie mama jikoni. Nikaingia, nikakuta anaimba. Nikachukua vikombe nikatoka.

Nikapanga kuondoka kweli. Nilichukue sanduku, nipungiwe mikono, nipande basi lolote, nirudi baada ya miezi mitatu nikiwa na hadithi. Nilikuwa nimeshafika kwenye kuchagua basi Fundi Mkuu alipobisha hodi. Kavaa shati jeupe. Kaja kumweleza mama, kwa heshima, kwamba karakana inabaki na nafasi ya mtu mmoja tu, naye ni Kimya, na kwamba yeye binafsi anasikitika.

Mama alikuwa ameshika sinia. Hakuliweka chini. Akamwambia karibu fundi, keti, chai hii hapa. Akawagawia wote kumi na saba, mmoja mmoja, akiuliza nani hatumii sukari. Nilikuwa naomba alie au anipige. Shangazi alianza kusema neno, mama akamwambia, "Wifi, wageni wanywe kwanza."

Walipoondoka hakuna aliyeomba arudishiwe soksi.

Mama kaniuliza swali moja tu. Wiki hii yote, niliigusa mashine hata mara moja? Nikamwambia nilikuwa najiandaa. Akasema hakuuliza hilo. Nikasema hapana. Akaenda kuosha vikombe. Nilimfuata nimsaidie, akaniambia vidole vyangu vitauma.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi nilikwenda kuchukua ovaroli yangu. Fundi Mkuu kaniita pembeni. Kasema jana kakosa usingizi kwa sababu ya lile sinia. Kimya hayupo miezi mitatu, kiti chake kiko wazi. Kuna cherehani ya kushonea viatu imeletwa leo, imekufa kabisa, hata mwenyewe kaikatia tamaa. Nikiifufua ndani ya mwezi mmoja, nabaki mpaka Kimya arudi, na hapo tutazungumza. Nisipoiweza, tuagane vizuri. Kaniwekea mezani, na bisibisi yake mwenyewe juu. Kaniambia, "Mwanangu, ianze leo. Ifungue tu, itakufundisha yenyewe."

Nimekaa mbele yake. Machozi yalinilengalenga, sikatai. Nimemuahidi mama kimoyomoyo.

Kisha nikavuta droo ya mashine nikakuta kitabu chake cha maelekezo. Kurasa sitini na nne, zote kwa Kichina, picha hakuna.

Nimekichunguza mpaka saa za kufunga. Wachina hawana herufi, wana michoro midogo midogo kama vibanda. Nimegundua kuna mchoro mmoja unajirudia kuliko yote. Ukurasa wa kwanza peke yake uko mara ishirini na mbili. Nimezidisha kwa sitini na nne. Inakuja elfu moja mia nne na nane.

Fundi angefungua nati moja moja kwa mwezi mzima. Mimi nikiujua huo mchoro mmoja, karibu nusu ya kitabu ni yangu. Kesho namtafuta mtu wa kuniambia unamaanisha nini. Mashine yenyewe haina haraka, nitaifungua wiki ya mwisho.