Kaseti ya Duka la Miavuli

Jumamosi, 5 Oktoba 1985. Ibra.

Kaseti imefika. Soud, mtoto wa dada yangu anayesoma Leeds, amenirekodia kwenye televisheni ya kule vipande vinne vya Duka la Miavuli. Ndio ule mchezo wa kuchekesha niliokuwa nikiutazama mwaka sitini na mbili, nilipokuwa mwanafunzi Uingereza. Miaka ishirini na tatu nawasimulia watu. Bwana Tipley na duka lake, mama mkwe wake kiziwi, mlango unaombana kila akitoka. Nimesimulia kwetu Unguja, nimesimulia Dubai, nimesimulia kila majlisi ya Ibra. Sasa wataona wenyewe.

Hasa Khalaf ataona. Khalaf kazaliwa Tabora, kaja Oman nyuma yangu, kafungua duka la kukodisha kaseti. Tangu Ramadhani watu wetu wote, sisi tusemao Kiswahili, kila Alhamisi baada ya alasiri wako kwake wanatazama vichekesho vya Kimisri. Zamani walikuja kwangu. Walikaa, wakanywa kahawa, wakanisikiliza. Juzi kanikuta sokoni, kaniambia mbele ya watu kuwa nami nikaribie, nafasi ipo karibu na mlango. Karibu na mlango! Mimi niliyesoma Uingereza.

Jumapili, 6 Oktoba.

Nimeijaribu. Nimemkalisha mke wangu Ghalia mbele ya televisheni na sinia lake la mchele, nami nikamtafsiria. Kwanza kauliza hao wanaocheka wako wapi. Nikamwambia ni watazamaji, hawaonekani. Kauliza wanacheka nini. Nikamwambia mama mkwe kabanwa na mlango. Kauliza kaumia? Nikamwambia hakuumia, ni mchezo. Akasema maskini, mtu mzima yule, na hakuna hata mmoja wa kumwambia pole.

Kipande kizima kacheka mara moja, nilipojikwaa kwenye waya.

Mimi sikucheka. Lakini mimi naijua, mtu hawezi kuchekeshwa na kitu anachokijua.

Vikwazo nimeviona. Kipande cha pili kuna bia, na padri aliyelewa. Cha tatu kuna mwanamke na gauni la kulalia. Pakifika hapo nitasimama mbele ya kioo cha televisheni na shali la Ghalia na kuuliza nani anataka kahawa. Kipande cha nne sikukiona, umeme umekatika. Haidhuru. Cha nne ndicho nikipendacho kuliko vyote, nakumbuka nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Jumanne, 8 Oktoba.

Nimealika watu kumi na wawili kwa Alhamisi. Kumi wameniambia inshallah kwa ile sauti ya inshallah. Nikajua hawaji. Nikapita kwenye duka la Khalaf, na kweli, mlangoni kabandika karatasi: Alhamisi hii mchezo mpya kutoka Kairo, urefu wake saa tatu nzima. Makusudi. Nilipomuuliza akasema wallahi hakujua, na kama nataka ataahirisha. Kuahirisha! Anataka ionekane kanihurumia. Nimemwambia asiahirishe, na yeye mwenyewe namwalika.

Akasema atakuja kwa furaha. Mtu mjanja sana.

Basi nikapiga hesabu nyingine. Hobbs, yule Mwingereza anayetengeneza pampu pale ofisini kwetu kwenye idara ya maji. Nikamwomba aje. Watu wakimwona Mwingereza anacheka watajua wapi pa kucheka. Akauliza ni mchezo gani. Nilipomtajia akasema mama yake alikuwa akiizima televisheni ukianza. Nikamwambia basi sasa ni nafasi yake. Kakubali. Jioni nzima nimezunguka nikitangaza kuwa Mzungu atakuja. Inshallah zimebadilika sauti.

Na Abdullatif nimemwambia pia. Abdullatif tulikwenda Uingereza pamoja, tulilala chumba kimoja. Nikamtaka awe shahidi wangu. Akaniuliza kama nimeitazama yote. Nikamjibu nimeihifadhi moyoni. Akasema, haya.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Naandika kabla ya magharibi, na hasira zangu.

Walikuja wote, na wengine sikuwaalika. Viatu mlangoni mpaka nje. Halua ya Nizwa, kahawa, Hobbs kwenye mto mzuri katikati, Khalaf nimemweka karibu na mlango. Nikawasha.

Kipande cha kwanza kimya. Nikasema hiki ni cha kuwajulisha watu tu. Kipande cha pili bia ilikuja mapema kuliko nilivyokumbuka. Nikaruka na shali. Bia ikaondoka, nikakaa, padri akaingia, nikaruka. Cha tatu nilisimama robo saa, maana yule mwanamke hakutaka kwenda kuvaa. Watu wakaanza kucheka, nikafurahi. Kugeuka, wananicheka mimi.

Hobbs hakucheka. Alikula halua.

Kikaja cha nne. Nikawaambia wajiandae. Mlango wa duka ukafunguka, akaingia mteja. Mzungu kajipaka masizi uso mzima, kichwani kilemba cha taulo. Nikaanza kutafsiri kwa sauti, kama nilivyotafsiri vyote: huyu bwana mgeni, ametoka mbali, ametoka… Hapo nikasita. Ametoka Zanzibar, ndivyo alivyosema. Anataka mwavuli wa ngamia wake. Akabusu kiatu cha Bwana Tipley. Akasema maneno yasiyo lugha yoyote, na wale wasioonekana wakacheka kuliko walivyocheka siku zao zote.

Hapakuwa na haja ya tafsiri. Majlisi nzima kimya, na ndani ya televisheni watu wanavunjika mbavu. Hobbs anatazama miguu yake, masikio mekundu. Mimi nakitafuta kile kidude cha kuzimia televisheni, sikipati.

Abdullatif akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na mkewe:

"Hii tuliitazama, Marhoun. Kwa yule bibi aliyetupangisha, mimi na wewe kochi moja. Walipocheka waligeuka kututazama. Na sisi tukacheka."

Nikamwambia sikumbuki.

"Ulicheka kuliko mimi," akasema.

Aliyesimama ni Khalaf. Akapita katikati ya watu, akaizima mashine ya kaseti kwa kidole chake, akaishika juu, akasema imechemka hii, ikiendelea itaungua, bora ipumzike, na jamani twendeni kwangu tukamalizie jioni, na wewe Bwana Marhoun twende. Mashine haikuwa ya moto. Nimeishika mwenyewe, baridi kama kisima.

Wakaenda wote. Hobbs kaenda, na Kiarabu hajui neno. Abdullatif kaenda. Sinia la halua limekwenda. Nimebaki na shali. Na kutoka kwa Khalaf, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nawasikia wanacheka, na ile sauti nzito ya juu kuliko zote ni ya Hobbs.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Baada ya sala sikumsubiri mtu. Nyumbani nikakitazama tena kipande cha nne, peke yangu, mlango nimefunga. Nikatazama mpaka mwisho. Nilitaka kumwonyesha Abdullatif kuwa kakosea.

Yule bibi alikuwa na chumba chenye moto wa makaa na picha ya mbwa. Alitupa chai. Alikuwa mwema, sina neno juu yake. Mume wake alikuwa mbele, na wapangaji wengine wawili. Waligeuka, kweli. Waligeuka wote pamoja na nyuso zinangojea, kama ukimpa mtoto zawadi ukangojea afungue. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kanzu yangu nimeikunja chini kabisa ndani ya sanduku. Ningefanya nini?

Ghalia kaingia kwa mlango wa uani. Kaniona. Hakuuliza kitu kuhusu kaseti. Kaniuliza nani alikuwa akinifulia nguo kule. Nikamwambia nilifua mwenyewe, kwenye beseni, maji ya baridi. Akasema hilo hukuwahi kunisimulia.

Khalaf kaleta sinia baada ya alasiri. Kaliosha. Kaniambia Alhamisi ijayo nafasi yangu iko pale mbele, karibu na yeye, na Mwingereza keshauliza kama nitakuwepo. Nikasema nitatazama kama nina nafasi. Kuosha sinia la mtu ni kumwambia nyumbani kwake hakuna maji. Na mimi mtu wa idara ya maji!

Jumatatu, 14 Oktoba.

Nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa la mchezo, lilikuwa la watazamaji. Watu wa Ibra wamejua mengi, wamesafiri, kila mmoja ana maneno. Kijijini Samad Ash Shan nina jamaa wa upande wa mama, watulivu, Kiingereza hawana, Unguja hawajafika. Kule nitatafsiri ninavyotaka. Yule mteja atakuwa ametoka Ujerumani.

Halafu leo imekuja barua ya Soud. Kapata mchezo mwingine wa zama zilezile, wa wapishi wa hospitali, vipande kumi na viwili, anauliza kama nautaka, maana yeye ameutazama na hakuona cha kuchekesha. Vijana hawajui kitu. Nimemjibu papo hapo alete vyote. Nimeshapita dukani kwa Khalaf kumwarifu, mbele ya wateja wake, kuwa Alhamisi tatu zijazo watu wasijifunge na shughuli nyingine.

Huu wa wapishi naukumbuka vizuri sana. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Na siku ile Abdullatif hakuwepo.