Taratibu Hajui Taratibu

Habari ya asubuhi ile aliileta Wakili, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka: mbwa mmoja wa polisi, huko ng'ambo, kapandishwa cheo kawa sajini.

"Sajini!" Kocha akaruka kwenye benchi kama kachomwa sindano. "Mbwa! Mimi nimeomba kazi ya ulinzi mara tatu, wananiambia nina umri!"

"Mbwa ana sifa, bwana. Ana pua."

"Na mimi hii ni nini, kitasa?"

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka kumi na moja, akatoka na suti mbili na maneno manne ya Kilatini. Kocha naye aliwahi kufundisha timu ya watoto msimu mmoja. Wakafungwa mechi zote, filimbi ikambakia shingoni. Wote wawili walishinda kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha fundi saa, waliyembandika jina la Majira. Wao walikuja kukaa, yeye alikuja kufanya kazi, na benchi lilikuwa lake.

Siku hiyo Majira hakucheka. "Kama polisi wana nafasi, wamchukue wangu," alisema, lenzi ikiwa bado jichoni. "Jana kamkamata mama mkwe."

"Kamng'ata?"

"Heri angemng'ata. Kamchunga."

Mbwa huyo alikuwa na miezi kumi na moja, wa ukoo wa mbwa wa kuchunga kondoo. Kaka yake Majira alikuwa mfugaji huko milimani. Alipofariki, kondoo wakauzwa, na kwenye mgawanyo wa mali Majira akaletewa boksi lenye mtoto wa mbwa mwenye macho makali. Marehemu alikuwa amekwisha kumpa jina: Taratibu. Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho duniani. Mbwa alikimbia kuanzia alfajiri. Majira akimwita barabarani, "Taratibu! Taratibu!", waendesha baiskeli walifunga breki na mbwa akaongeza kasi.

Kondoo hakuwaona, kwa hiyo akatazama huku na huku, akaona watu wa nyumbani.

"Mama mkwe kaja kutibiwa goti," Majira alieleza. "Akitaka kwenda sebuleni, mbwa anamzunguka, anainama, anamkazia macho, anamdonoa kisigino, mpaka anamrudisha kwenye kona ya jikoni. Jana kakaa huko saa nzima, kashika mwiko kama bakora. Mke wangu kasema mwisho wa mwezi mbwa atoke, la sivyo nitoke naye."

Benchi likaangua kicheko. Kocha alicheka mpaka filimbi ikajipuliza.

"Mpe huyo mbwa usajini!"

"Mpe ualimu mkuu!"

"Si mchezo," Majira akasema, akaiweka koleo chini. "Ni kitu pekee cha kaka nilichobaki nacho."

Kicheko kikakatika. Wakili akakohoa, Kocha akafuta filimbi kwa shati. Kisha ushauri ukaanza kumwagika, maana ushauri ndicho kitu pekee kilichotolewa bure pale.

"Samaki mkunje angali mbichi," Wakili akanyoosha kidole. "Mfunge mnyororo. Akijua mipaka, atatii."

"Mnyororo wa nini!" Kocha akasimama. "Huyo ana nguvu nyingi, basi. Mtoe nguvu! Kilomita kumi kila alfajiri. Akirudi hata kubweka ataona uvivu. Mimi nimefundisha wachezaji, najua."

"Wachezaji wako walifungwa tisa bila."

"Lakini walikuwa wamechoka, walitulia!"

Majira, mtu mpole asiyejua kukataa, akajaribu yote mawili. Siku mbili za mnyororo zikampa mbwa aliyelia kama king'ora na jirani aliyekuja kuuliza kama kuna msiba. Kisha kilomita kumi. Siku ya kwanza Taratibu alirudi akihema, akalala robo saa. Siku ya nne alirudi akabeba kiatu cha Majira mdomoni, akimwomba watoke tena. Siku ya saba Majira alisinzia kibandani, akafunga mshale wa dakika mahali pa mshale wa saa, na mteja akafika kwenye mahojiano ya kazi yakiwa yamekwisha.

"Amechoka?" Kocha akauliza.

"Nimechoka mimi. Yeye umenitengenezea bingwa wa riadha."

"Basi ongeza ziwe kumi na tano!"

Hapo ndipo Mama Pasi alipotoa kichwa. Duka lake la dobi lilipakana na kibanda, na kwa miaka sita alikuwa akinyoosha mashati ya watu akiyasikia yote ya benchi, akijibu kwa mvuke tu. Siku hiyo alitoka na pasi mkononi.

"Kocha, kaa chini kabla sijakunyoosha kola ukiwa umeivaa. Majira, mimi nimekulia kwa watu wa kondoo. Mbwa huyo hana wazimu. Hana kazi. Mbwa wa kazi akikosa kazi anakuwa kama hawa wenzako: anabwekea kila kinachopita na kuwapanga watu wasiomhusu."

"Mama, hilo ni tusi," Wakili akasema.

"Ni ushahidi."

Kocha akakaa. Kiwanda alichokifanyia kazi kilifungwa mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo pale, hata kwa mzaha. Majira alimwona akiishika filimbi bila kuipuliza, akatamani Mama Pasi angesema kidogo tu. Lakini kweli yenyewe ilimwingia.

"Nimfanyie nini basi, dada? Kondoo sina."

"Kichwa chake kipe kazi, siyo miguu tu. Chukua mkanda wa saa mkuukuu, mnusishe, ufiche, aende autafute. Robo saa ya pua inamchosha kuliko kilomita zako. Halafu mtandikie mkeka. Akiukalia, kipande cha ini. Akilaza kidevu, kingine. Usimpigie kelele, usimsukume. Akitulia mwenyewe, mlipe. Kutulia nako hufundishwa, kama kuhesabu."

"Na mama mkwe?"

"Mtenge naye kwa mlango mpaka mwanafunzi afaulu."

Haikuwa muujiza. Siku ya kwanza Taratibu aliupata mkanda, akautafuna, akautafuna na mkeka. Siku ya tatu alilala mkekani kwa muda wa mtu kupiga chafya. Siku ya tano Majira alikuwa amekaa sakafuni na kopo la vipande vya maini makavu, kachoka, anawaza maneno ya kumwambia marehemu. Ghafla mbwa akashusha pumzi ndefu, akalaza kidevu juu ya mguu wake. Majira hakujitikisa mpaka mguu ukafa ganzi. Macho yalimlowa, na alishukuru kwamba benchi lilikuwa mbali.

Wiki ya mwisho ya mwezi alimleta kibandani, mkeka na kopo vyote. Pikipiki zikapita, paka akapita, mashati ya Mama Pasi yakapepea; Taratibu akainua sikio moja, akamtazama Majira, akakishusha kidevu. Benchi, badala ya kushangilia, likawaka moto.

"Ule mnyororo wangu!" Wakili akapaza sauti. "Ulimjengea msingi wa kisheria!"

"Msingi gani? Mbio zangu ndizo zilizomfungua mapafu!"

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni!"

"Rudia hapa nilipo! Rudia!"

Wakasimama wote wawili, vidole vikiparamiana, mate yakiruka, filimbi ikilia yenyewe. Mpita njia mmoja akavuka barabara asiguswe na mambo.

Katika zogo hilo mama mkwe akafika, akitokea kliniki, taratibu na mkongojo wake. Majira akakauka, koleo hewani. Bibi akasimama hatua mbili kutoka mkekani. Mbwa akamtazama. Bibi akamtazama mbwa. Mbwa akapiga mkia chini mara moja, akabaki palepale.

"Hm," mama mkwe akasema. "Huyu abaki. Nitamwambia mwanangu mwenyewe."

"Asante, mama. Asante sana."

"Sasa hawa wawili wanaobweka, mwenyewe nani?"

"Hawana mwenyewe, mama," Mama Pasi akajibu kutoka kwenye mvuke. "Wanazurura."

Kocha na Wakili wakatazamana, kisha wakakaa polepole, bega kwa bega, mikono juu ya magoti.

Mama mkwe akaliinua kopo, akachungulia ndani, akamgeukia mkwewe.

"Na hawa wakitulia, nao wanapewa?"