Kupinga Mashindano ya Poka ya Wanawake Watupu, Mikumi

Ndugu Mhariri, na kupitia kwako, wanamapambano wenzangu, wanaume wote mnaoonewa kati ya Kilosa na Mikumi,

Chuo kikuu kimefungwa baada ya sisi wanafunzi kugomea kuchangishwa gharama za masomo, nami nimerudi nyumbani Mabwerebwere nikidhani nitapumzika kidogo na dhuluma. Kumbe dhuluma imenitangulia.

Bi. Generoza, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi yanapolala malori, ametangaza mashindano ya poka kwa wanawake watupu. Kwa wasioujua, poka ni mchezo wa karata ulioletwa na madereva wa njia ya Zambia. Unaficha karata zako, unapandisha dau, na mwenzako ama akuamini atupe zake, ama asikuamini akutake ufunue. Pale kwetu dau ni punje za mahindi. Zawadi, hata hivyo, si punje: ni kibanda cha mabati mbele ya nyumba hiyo, mwaka mzima bila kodi. Bi. Filomena, anayewapikia madereva kando ya barabara huku mvua ikimnyeshea ndani ya sufuria, anakitaka. Ndugu Kondo, kijana mpakiaji wa malori na mwenyekiti wa kamati yetu ya wacheza karata, anakitaka pia, aonyeshee video. Kwa niaba yake nawasilisha malalamiko haya.

1. Mashindano haya ni ubaguzi. Taifa zima tumeambiwa tushindane: kiwanda kishindane na mitumba, mkulima na walanguzi, mgonjwa na bei ya dawa. Iweje ushindani huria uingie hadi wodini, halafu ukomee mlangoni kwa Bi. Generoza? Katika elimu niliupinga na nitaendelea kuupinga. Katika karata, ambako mwanamume alitazamiwa kushinda, naudai.

2. Inadaiwa kwamba mwanamke akikaa meza moja na wanaume hutaniwa, hushikwa bega, na huulizwa watoto amemwachia nani. Kamati imechunguza na kuthibitisha kuwa ni kweli. Lakini katika miaka yote hiyo hatujapokea lalamiko hata moja kutoka kwa mwanamume.

3. Mwanamke, kwa maumbile yake, hawezi kuficha usoni lililo moyoni. Akina mama wa Dumila, wanaowaapia abiria kuwa nyanya ni nzima hadi chini ya tenga, hawahusiki hapa. Ile ni biashara.

4. Hili ndilo zito. Kabla ya mashindano kutangazwa, Kondo alicheza na Bi. Filomena kwenye meza ya wote. Kijana aliyelelewa vizuri, aliketi akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Kosa lilitendeka hapo. Dau lilipokua, Kondo akiwa na jozi mbili mkononi, mama yule alisukuma mahindi yake yote katikati ya meza. Kondo akajikuta njia panda, kwa sababu kumtaka mama uliyemwamkia afunue karata ni kumwambia kwamba anasema uongo. Bi. Filomena akamtazama kwa upole.

"Mwanangu, mimi nimesema ninazo. Wewe unasemaje?"

"Nakuamini, mama," akasema Kondo, akatupa karata zake.

Yule mama akazifunua zake kwa hiari yake mwenyewe. Hata jozi moja hakuwa nayo. Tangu siku ile hakuna kijana wa Mikumi aliyemshinda, ikabidi tumwondoe mezani, kwa heshima zote. Kwamba sisi tulimfungia meza yetu ni utaratibu. Kwamba wanawake sasa wanatufungia yao ni kukosa uungwana.

5. Tukinyamaza leo, kesho watakuwa na ushirika wao, keshokutwa tawi lao la chama, na mtondo mwanamume atapeleka shauri ofisi ya kijiji aambiwe asubiri akina mama wamalize. Dalili zipo. Nkoile, mke wa mfugaji Lemayan, alishuka na maziwa yake kutoka mbugani akajiandikisha. Alipoulizwa siku hiyo ng'ombe watabaki na nani, alijibu kwamba watabaki na mwenyewe, kwani kila siku anasema ni wake.

Kwa hiyo tunadai mashindano yafunguliwe kwa wote, na shikamoo ipigwe marufuku mezani hadi mshindi apatikane. Kondo alilipima dai hili la pili kwa mama yake mzazi. Usiku ule alilala na njaa, jambo linaloonyesha ukubwa wa mapambano yaliyo mbele yetu.

Nisalimie wachapaji, wasomaji, na wote wanaofungia maandazi kwa gazeti lako, mradi wasome kwanza.

Wako asiyeyumba,
Meshaki Anselmi,
Katibu wa Kamati, Mabwerebwere, Kilosa.

Baada ya sahihi: Kamati ilikwenda Mikumi kumkabidhi Bi. Filomena nakala ya barua hii. Tulimwamkia mmoja mmoja, akaitikia, akaisoma yote bila haraka huku akigeuza ugali. Kisha akauliza kama kweli sisi wanawe tunayaamini yaliyoandikwa humo. Tukajibu hapana. Mashindano, basi, yaendelee kama yalivyotangazwa, na Kondo ameahidi kumbebea mafiga hadi kibandani. Kamati sasa inaandaa mashindano ya wanaume watupu, ambamo hataruhusiwa mwanamke yeyote, kwa usalama wetu. Mkutano wa kuyaanzisha ni Jumamosi, ukumbi wa ushirika, saa nane mchana. Tafadhali wahini, kwani mlango tutaufunga kwa ndani.